Wanafunzi wanunuliwe monita, si runinga

Majuzi nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule moja ya upili ya kutwa isiyo mbali na mji wa Keroka. Mfadhili alikuwa ameipa shule hiyo tarakilishi kumi zilizokwisha kutumika ofisini, lakini zilifika bila viwambo. Wazazi walikuwa wamechanga fedha, na sasa walitakiwa kuamua jambo moja tu: zinunuliwe runinga au monita?

Mzee mmoja aliyeketi karibu na dirisha alisimama, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, kwa heshima zako, kioo ni kioo. Runinga ina picha, ina sauti, na jioni inatupa habari. Hizo monita zenu zina nini?" Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka. Nilitambua kwamba alicheka kwa sababu hakuwa na jibu la papo hapo. Sikumlaumu. Bei ya runinga mpya ya inchi 32 aghalabu hukaribiana na ile ya monita mpya ya inchi 22, na asiyejua tofauti yake atachukua kubwa. Nani asingechukua?

Keroka yenyewe ni mji wa kustaajabisha: upande mmoja ni kaunti ya Kisii, upande wa pili ni Nyamira, na mgeni hawezi kujua amevuka mpaka lini. Ndivyo zilivyo runinga na monita za leo. Zote ni bapa, zote zina tundu la HDMI, na huenda vioo vyake vilitoka katika kiwanda kimoja. Lakini mpaka upo.

Hoja ya mzee wetu si ngeni duniani. Mnamo mwaka wa 1982, kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilipotoa tarakilishi yake ndogo ya nyumbani, Spectrum, ilikusudia mnunuzi aichomeke kwenye runinga aliyokuwa nayo sebuleni, maana monita ilikuwa ghali. Matokeo yake ni kwamba mstari mmoja wa maandishi ulibeba herufi 32 pekee. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1981, IBM ilikuwa imetoa tarakilishi yake ya ofisini pamoja na monita iliyoweza kuonyesha herufi 80 katika mstari mmoja. Mtoto wa kucheza akapewa herufi 32, karani wa kuandika barua akapewa 80. Runinga iliundwa imwonyeshe mtu picha inayokwenda akiwa ameketi mbali. Monita iliundwa ionyeshe maandishi yaliyotulia kwa mtu aliye karibu. Miaka arubaini na zaidi imepita, na nia hizo mbili bado zimo ndani ya vyombo hivi.

Na tuhesabu, kwa kuwa wasomaji wengi wa safu hii ni walimu na wanafunzi. Picha ya kiwambo hufanywa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Runinga nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo. Kioo chake kina upana wa sentimita 71 hivi. Gawanya, utapata nukta 19 katika kila sentimita. Monita ya kawaida ya inchi 22 ina nukta 1,920 kwa 1,080, zilizobanwa katika upana wa sentimita 48 hivi. Hizo ni nukta 40 kwa sentimita. Hata monita kuukuu ya inchi 19 yenye nukta 1,440 kwa 900 inapata 35. Kwa hiyo mwanafunzi anayeketi mbele ya runinga ile kubwa, kwa umbali wa mkono mmoja, anasoma herufi zilizojengwa kwa matofali makubwa mno. Kubwa hapa ni umbo, si uwezo. Jedwali la hesabu lenye safu kumi na mbili, ambalo kwenye monita linaenea lote, kwenye runinga humlazimu kulisukuma huku na huko kwa kipanya, na akisukuma hupoteza safu aliyokuwa akiijumlisha.

Jambo hili si la urembo tu. Katika mtihani wa KCSE, somo la Tarakilishi lina karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Katika vitendo mtahiniwa hukutana na majedwali na hifadhidata. Katika mradi hukaa na kazi moja kwa miezi. Mtoto anayefinya macho kwa miezi hiyo yote hawezi kushindana kwa haki na mwenzake wa shule yenye maabara kamili.

Kuna kasoro nyingine ambayo imewatesa walimu wengi bila wao kujua chanzo chake. Runinga nyingi zimezoea kukata kingo za picha, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za runinga za zamani zenye mgongo mkubwa, ambazo kingo zake hazikuwa safi. Katika tamthilia, ukingo ukikatwa hakuna anayeona. Katika tarakilishi, ukingo wa chini ndipo palipo utepe wa kuanzia kazi, na pembe ya juu ndipo palipo alama ya kufunga ukurasa. Nimewahi kuitwa katika shule moja ambako ilidaiwa kwamba mtambo "umemezwa na virusi" kwa sababu utepe ule ulikuwa umetoweka. Virusi havikuwapo. Nilichukua kidhibiti cha mbali, nikatafuta katika orodha ya ukubwa wa picha, nikachagua picha ionyeshwe yote bila kukatwa, na utepe ukarudi. Mwalimu alinitazama kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Nilikunywa chai yao bila kukanusha.

Fauka ya hayo, baadhi ya runinga hubana rangi. Hupokea mwanga wa kila nukta, lakini rangi huzifanya nukta nne zigawane moja. Sura ya mwigizaji haiharibiki kwa hilo. Andika lakini maneno mekundu juu ya buluu, na utaona herufi zimevimba na kuingiliana. Hicho ndicho kipimo rahisi ambacho mnunuzi anaweza kukifanya dukani mbele ya muuzaji, na muuzaji mwungwana hatamkataza.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko nukta na rangi, nalo halimo katika kijitabu cha maelezo cha kampuni yoyote. Runinga ni ya nyumba nzima. Saa moja usiku ni taarifa ya habari, na baba amerudi kutoka kwenye buyu za majani chai au sokoni Daraja Mbili akiwa amechoka. Saa mbili ni tamthilia ya mama. Jumamosi na Jumapili ni kandanda ya Uingereza, na jirani asiye na runinga amekwisha kuketi. Binti anayeandika mradi wake ataomba kioo hicho saa ngapi? Ataambiwa, "Ngoja kidogo," na katika nyumba zetu binti akingojeshwa kidogo hupelekwa jikoni. Monita haina kipokezi cha matangazo. Upungufu huo, ambao mzee wetu aliutaja kama aibu, ndio unaomlinda mwanafunzi: hakuna atakayekuja kumwondoa hapo ili atazame mpira.

Najua kuna atakayenikumbusha mwaka wa 2020. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, masomo yalitangazwa kupitia runinga na redio, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa na idhaa yake ya elimu. Nyumba yenye runinga ilipata mwalimu, isiyo nayo haikupata. Ni kweli, nami sitaki nyumba yoyote iuze runinga yake. Ninachopinga ni kuinunua ya pili na kuiita tarakilishi.

Kisha kuna umeme, na hapa Gusii hatuwezi kuzungumzia umeme bila kuzungumzia radi. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria, hupanda milima yetu, na ikifika alasiri hugeuka kuwa ngurumo. Sehemu zetu ni miongoni mwa zile zinazopigwa sana na radi nchini. Runinga iliyounganishwa na antena juu ya paa ina njia mbili za kuingiza msukumo wa umeme: waya wa ukutani na waya wa antena. Wengi huchomoa ule wa ukutani na kuusahau wa pili, na kwa kuwa tarakilishi imefungwa kwenye runinga kwa kebo, huangamia zote mbili. Monita ina njia moja tu, nayo ni rahisi kuikumbuka mawingu yanapotanda. Kwa wale wanaotumia nguvu za jua, monita ya inchi 22 hutumia wati 20 hivi, ilhali runinga ya inchi 32 hutumia takriban maradufu. Tena monita hulala yenyewe tarakilishi inapolala. Runinga nyingi hukesha zikitangaza kwamba hazioni kitu.

Je, runinga haina kazi shuleni? Inayo, na ni kazi kubwa. Mwalimu wa Biolojia anayetaka darasa la wanafunzi hamsini lione moyo ukidunda hawezi kuwakusanya mbele ya monita. Hapo runinga ya inchi 43 au zaidi, iliyotundikwa juu ukutani, haina mpinzani. Ila na ayakuze maandishi yake. Kipimo ninachokitumia mimi ni kuligawa darasa kwa mia mbili: aliye nyuma kabisa akiwa mita nane kutoka ukutani, herufi iwe na kimo cha sentimita nne. Kwa kioo cha inchi 43 hiyo ni mistari tisa hivi, si zaidi. Mwalimu anayebandika ukurasa mzima wa kitabu juu ya runinga anawafundisha walioketi dawati la kwanza.

Kwa mwenye fedha kidogo, monita zilizotumika ng'ambo, ambazo huuzwa mjini Kisii na hata Nyamira kwa bei iliyo chini sana ya mpya, zinafaa kabisa zikichaguliwa kwa makini. Mwombe muuzaji aiwashe na uijaze rangi nyeupe pekee; nukta zilizokufa zitaonekana kama chawa weusi, na taa iliyochoka itageuza weupe kuwa manjano. Iache iwake dakika kumi, maana taa mbovu huanza kupepesa ikipata joto. Tazama matundu yaliyo nyuma kabla ya kulipa: tarakilishi nyingi kuukuu zina tundu la VGA, na mtu asiyetazama hurudi nyumbani na kioo kizuri kisichoungana na chochote.

Kikao kile kilipiga kura baada ya saa mbili za mjadala. Zilinunuliwa monita tisa zilizotumika na runinga moja ya kutundikwa ukutani, ambayo pia ndiyo kioo cha tarakilishi ya kumi, ile ya mwalimu. Yule mzee wa kofia alipiga kura ya monita. Alinikuta langoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anaweza kuunganisha king'amuzi kwenye monita, ili azitazame habari zake chumbani bila kuwasumbua watoto. Nikamwambia inawezekana, iwapo king'amuzi chake kina tundu la HDMI na monita nayo inalo, ila monita nyingi hazina spika, na sauti itabidi aitafutie chombo kingine.