Kwa Nini Kampuni za Muziki Ziliikataa Intaneti?



Jumamosi iliyopita, wakati wa chai, niliwapigia wanafunzi wa darasa la pili kaseti ya taarabu niliyokuja nayo kutoka Tanga. Wengi wenu hamkuwa mmewahi kushika kaseti. Mmoja aliigeuza huku na huku akaniuliza skrini yake iko wapi. Mwingine, wa miaka 11, akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale: "Mwalimu, kwa nini huu wimbo huuweki kwenye intaneti ili sote tuusikilize nyumbani?"

Nilimwahidi nitamjibu kwenye jarida. Jibu ni refu na linapitia Marekani, kwa hiyo nivumilieni.

Kaseti yenyewe haikutoka kiwandani. Tanga, nilipokuwa na umri kama wenu, kulikuwa na maduka ya kaseti. Unakwenda na kaseti tupu, unamwandikia mwenye duka nyimbo unazozitaka kwenye kipande cha karatasi, kesho yake unakwenda kuichukua. Mwenye duka anapata pesa yake. Aliyeuza kaseti tupu anapata. Aliyeimba hapati hata senti. Hatukuliona kosa, mimi nilijiona nimenunua muziki kama mtu anunuavyo mkate.

Hapo ndipo linapokuja neno la kwanza la kujifunza leo: hakimiliki. Likate uone: haki, na miliki. Ni haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga au aliyoirekodi, kwamba asiyepewa ruhusa asiinakili. Na wimbo mmoja una haki mbili ndani yake, jambo ambalo hata watu wazima wengi hawalijui. Kuna haki ya mtunzi, aliyeandika maneno na kuweka sauti. Kuna na haki ya rekodi, ambayo mara nyingi si ya mwimbaji bali ya kampuni iliyolipia studio. Ukitaka kuuza wimbo kihalali lazima uwaendee wote wawili. Mwaka 1999 duniani kulikuwa na kampuni tano kubwa za kurekodi: Universal, Sony, Warner, EMI na BMG. Aliyetaka kufungua duka la muziki lenye nyimbo zote ilimbidi abishe hodi kwa zote tano, kisha aanze kuwatafuta watunzi.

Biashara yao wakati ule ilikuwa CD. Nilipofika Uingereza mwaka 2000 nilinunua CD kwa karibu pauni 14 kwa sababu ya wimbo mmoja tu. Nyimbo nyingine kumi na kitu sikuzitaka, lakini ndivyo ilivyouzwa: yote au hakuna. Kampuni zilipata faida nzuri sana kwa mtindo huo, na msisahau hilo tunapoendelea.

Kisha likaja faili la MP3. Wahandisi, wengi wao wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walibuni njia ya kuupunguza wimbo mpaka ukawa kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, na sikio lako lisitambue sana tofauti. Wimbo ukawa mdogo kiasi cha kupita kwenye waya wa simu. Kijana wa miaka 18 aitwaye Shawn Fanning, mwanafunzi wa chuo kikuu Boston, akatengeneza programu aliyoiita Napster na kuitoa mwaka 1999. Programu ile haikuweka nyimbo. Ilikuwa dalali. Wewe unatafuta wimbo, dalali anajua nani anao kwenye kompyuta yake, anawakutanisha, mnapeana. Bure. Haikupita miaka miwili ikawa na watumiaji makumi ya mamilioni.

Desemba 1999 kampuni za kurekodi ziliishtaki. Mwaka uliofuata bendi ya Metallica nayo ikashtaki, baada ya kusikia wimbo wao, ambao ulikuwa haujatolewa, unapigwa redioni. Wakapeleka orodha ya majina zaidi ya 300,000 ya waliokuwa wakigawana nyimbo zao. Watu wengi waliwacheka matajiri wale kwa kulalamika, lakini mimi nadhani walikuwa na haki ya kukasirika. Fikiria umeandika insha, hujaimaliza, ukakuta shule nzima imeshaisoma.

Februari 2001 mahakama ya rufaa ikasema Napster lazima izuie nyimbo zenye hakimiliki. Mwezi huo huo Napster ilitangaza kwamba iko tayari kuzilipa kampuni dola bilioni 1 kwa muda wa miaka 5, ili wateja waanze kulipia na biashara iendelee. Zikakataa. Julai 2001 Napster ikazimwa, na mwaka 2002 ikafilisika.

Mtasema, sawa, ile ilikuwa ikigawa mali ya watu bure. Basi sikilizeni habari ya MP3.com, maana hii ndiyo inayonisumbua zaidi.

MP3.com ilikuwa kampuni changa ya San Diego, ya mtu anayeitwa Michael Robertson. Januari 2000 ilianzisha huduma hii: una CD uliyoinunua dukani kwa pesa yako. Unaiingiza kwenye kompyuta, programu inaitambua kwamba kweli unayo, na tangu hapo unaweza kusikiliza nyimbo za CD hiyo kwenye kompyuta yoyote, kazini, chuoni, kwa shangazi. Hukununua, husikilizi. Ili kuwezesha jambo hilo kampuni ilinunua makumi ya maelfu ya CD na kuzinakili kwenye mashine zake.

Kosa likawa katika kunakili kule. Mwezi huo huo ikashtakiwa. Jaji Jed Rakoff wa New York aliamua kwamba kampuni imevunja hakimiliki, kwa sababu ilitengeneza nakala bila ruhusa, na haijalishi kwamba msikilizaji alikuwa ameshalipia CD yake. Kampuni nne zikakubali kulipwa na kumaliza kesi. Universal ikakataa. Septemba jaji akasema fidia ni dola 25,000 kwa kila CD. Zidisheni wenyewe kwa maelfu ya CD muone inafika wapi. Huo ndio mtihani wenu wa hesabu wiki hii. Mwishowe wakapatana kwa dola milioni 53.4, na mwaka uliofuata kampuni mama ya Universal ikainunua MP3.com yote.

Mwaka 2011 Apple ilileta huduma inayofanana sana na ile, safari hii kwa ruhusa ya kampuni zile zile na kwa malipo ya kila mwaka. Watu walikuwa tayari mwaka 2000. Walisubiri miaka 11.

Kwa nini walikataa? Siamini kwamba walikuwa wajinga. Mtu anayeuza CD ya pauni 14 anaogopa kuuza wimbo mmoja mmoja, kwa sababu anajua, kama mimi nilivyojua, kwamba zile kumi nyingine hakuna anayezitaka. Wenye maduka ya CD nao walikuwa wakiwashika shati. Mikataba ya wasanii ya zamani haikutaja intaneti, kwa hiyo hata mawakili wao hawakuwa na uhakika nani ana haki ya kuuza nini. Na mimi siwacheki sana. Wodini kwetu, tulipoambiwa tuache mafaili ya karatasi tuandike kwenye kompyuta, nilikuwa mstari wa mbele kulalamika, nikitoa sababu nzuri nzuri. Baadhi zilikuwa kweli. Nyingine ilikuwa ni kuogopa tu kuonekana sijui.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 hapa hapa Uingereza chama cha kampuni za kurekodi kiliendesha kampeni kikisema watu wanaorekodi nyimbo kwenye kaseti nyumbani wanauua muziki. Nembo yao ilikuwa kaseti iliyochorwa kama fuvu, na mifupa miwili chini yake. Muziki haukufa. Mapema zaidi, mwaka 1906, kiongozi wa bendi maarufu wa Marekani, John Philip Sousa, aliandika kuonya juu ya mashine za muziki, zikiwemo santuri na vinanda vilivyojipiga vyenyewe kwa karatasi yenye matundu. Yeye pia alikuwa na hoja, kwa sababu watunzi hawakulipwa chochote kwa karatasi zile. Lakini mwaka 1909 Bunge la Marekani likapata suluhu: wimbo ukishakubaliwa kutengenezwa kwa mashine mara moja, mtu yeyote anaweza kuutengeneza pia, mradi amlipe mtunzi senti 2 kwa kila nakala. Hapana kubisha hodi kwa kila mtu, hapana kukataliwa. Bei inajulikana, unalipa, unafanya kazi. Laiti wangeikumbuka sheria ile mwaka 2000.

Badala yake, kampuni zilifungua maduka yao wenyewe ya intaneti mwishoni mwa mwaka 2001. Sony na Universal walikuwa na lao, Pressplay. Warner, EMI na BMG walikuwa na lao, MusicNet. Mwanzoni hakuna duka lililokuwa na nyimbo za kampuni zote tano. Ukiacha kulipa, nyimbo zinakufa kwenye kompyuta yako. Wateja hawakuja. Walikuwa wamekwenda kwenye programu nyingine za bure zilizoota baada ya Napster kuzimwa.

Sehemu inayofuata wazazi waisome kwa makini. Septemba 2003 kampuni zilianza kuwashtaki watu binafsi: 261 kwa siku moja, wakiwemo wazazi ambao hata hawakujua watoto wanafanya nini kwenye kompyuta ya sebuleni. Mmoja wa walioandamwa alikuwa msichana wa miaka 12 wa New York, aliyekuwa akiishi na mama yake kwenye nyumba za serikali. Mama alikuwa ameilipia ile programu, wakadhani mambo yote ni halali. Akalipa dola 2,000 ili yaishe. Kufikia mwaka 2008 kampuni zilipotangaza kuachana na mtindo huo, watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameandamwa. Nikikumbuka mshahara wangu wa kwanza hapa, najua dola 2,000 ni kitu gani kwa mama anayelea peke yake.

Na pesa je, zilirudi? Marekani, mauzo ya muziki uliorekodiwa yalikuwa karibu dola bilioni 14.6 mwaka 1999. Kufikia mwaka 2014 yalikuwa chini ya nusu. Kesi nyingi walishinda wao.

Mlango ulifunguliwa na watu wa nje. Aprili 2003 Apple ilifungua duka lake, iTunes, nyimbo 200,000, kila mmoja senti 99, na wimbo ulioununua ni wako. Wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja. Wale wale walioitwa wezi walitoa kadi wakalipa. Halafu vijana wa Stockholm wakaanzisha Spotify mwaka 2006, wakaifungua kwa watu mwaka 2008, lakini Marekani hawakuingia mpaka Julai 2011, kwa sababu mazungumzo na kampuni kubwa yalichukua muda wote huo. Kampuni zilitoa ruhusa, na zikapewa hisa, yaani sehemu ya umiliki, ndani ya Spotify yenyewe.

Neno la pili la leo ni mrabaha, wingi wake mirabaha: malipo anayopata mwenye kazi kila kazi yake inapotumika. Leo unaposikiliza wimbo kwenye simu, mrabaha hutoka, lakini ni sehemu ndogo sana ya senti, na hupita kwanza kwa mwenye rekodi. Wasanii wengi wanalalamika, na hilo halijapata senti 2 zake. Hata hivyo mwimbaji wa Mombasa au Dar es Salaam leo anaweza kusikika Leeds na Muscat siku anayotoa wimbo, bila kuombea kampuni ya London impende. Wale wa enzi ya kaseti yangu hawakuupata mlango huo.

Ndiyo turudi kwa swali la mwanafunzi wetu. Wimbo ule nimeutafuta kwenye huduma zote ninazozijua, haupo. Kama kampuni yoyote inaumiliki, basi imeulalia. Kama hakuna kampuni, ni mali ya wale waliouimba na warithi wao. Kuuweka kwenye intaneti ni rahisi, dakika kumi. Lakini nilishawahi kuulipia mara moja pesa zikaenda kwa mtu asiye mwenyewe, na sitaki kuwapita wenyewe mara ya pili bila hata kuwauliza.

Shida ni kwamba kaseti haina jina la kikundi. Mwenye duka aliandika kwa kalamu ya bluu "Taarabu Na. 3" na basi. Anayeimba ni mwanamke, kuna fidla na kodiani, na katikati mtu anakohoa. Mzazi yeyote aliyekulia Tanga, Pangani au upande wa Mombasa miaka ya themanini, tafadhali aje jikoni Jumamosi wakati wa chai asikilize. Kama unaitambua sauti ile, au unamjua mtu wa ukoo wake, niambie ili nimpigie simu nimwombe ruhusa. Redio kaseti nitakuja nayo. Inatumia betri kubwa nne, na zile nilizonazo zimeanza kuchoka.