Kutoka Namba Hadi Jina: Kazi ya Mkonge Korogwe

Mfanyakazi huridhika na kazi yake anapokuwa na hakika kwamba jasho lake limehesabiwa sawasawa. Fulana za Mei Mosi na sherehe za kufunga mwaka zina nafasi yake, lakini huja nyuma ya hilo. Ushahidi uko katika mashamba ya mkonge yanayouzunguka mji wa Korogwe. Kutoka Kilole, kata mojawapo ya mji huo, mashamba ya Magunga na Ngombezi hayako mbali, na historia ya mashamba hayo ni historia ya watu waliodai kuhesabiwa kwa haki.

Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Mashamba yaliyotokana nayo yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo Tanga, hivyo vibarua wakatafutwa Songea, Njombe, Kigoma, hata Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwaandikisha. Watu hao waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mtu aliyeacha kwao jina la baba na la ukoo alifika shambani akawa tarakimu, na jeraha hilo halikuwa dogo.

Kazi yao ilipimwa kwa kipande, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Asiyemaliza sehemu aliyopangiwa hakuwekewa alama siku hiyo, hata kama alishinda juani tangu alfajiri. Kipande kisipojaa, mshahara haukutoka. Kwa hiyo nyapara aliyeshika kalamu alikuwa na nguvu kubwa juu ya chungu cha familia, na kibarua hakuwa na pa kumshitaki.

Kazi yenyewe haijawahi kuwa nyepesi. Mkataji huinama chini ya mmea, hukata majani ya chini kwa kisu kifupi, huondoa mwiba wa ncha, kisha hufunga majani 30 kuwa mzigo mmoja. Utomvu huwasha ngozi, na mwiba ukiteleza unaweza kuharibu jicho. Majani yaliyokatwa hayangoji: yakikauka kabla ya kufika kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, nyuzi hizo hutoka kwa shida na huwa duni. Haraka hiyo ya mashine ndiyo humshukia mkataji. Meneja anayeelewa jambo hili hupeleka maji ya kunywa hadi shambani, hutoa glavu na mabuti kabla hayajaombwa, na huhesabu mizigo mkataji akiwa amesimama hapo hapo anaona. Ni mambo ya gharama ndogo, lakini hakuna kinachotuliza moyo wa mkataji kama kuona hesabu yake ikiandikwa mbele ya macho yake.

Waliokosa pa kusemea hatimaye walisema kwa kugoma. Mwaka 1958 mgomo mkubwa ulitokea Mazinde, upande wa Mombo, na chama cha wafanyakazi wa mkonge, kikiongozwa na Victor Mkello, kikawa sauti ambayo wenye mashamba walilazimika kuisikiliza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakemea viongozi wenye majivuno na dharau. Mabwana walikuwa wamebadilika; wafanyakazi katika viwanda kadhaa nchini waliushika Mwongozo huo na kuwakabili mameneja wao wapya waliowatukana. Kwao, lugha chafu ya mkubwa ilikuwa hoja ya kazi kama ilivyo hoja ya mshahara.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka msingi: saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, pumziko la dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Tangu 1999 sehemu ya mashamba ya Korogwe imegawiwa wakulima wadogo, ambao sasa wana vyama vyao vya ushirika. Wengi huajiri wakataji, na hapo ndipo uangalifu unahitajika zaidi, kwa sababu mapatano ya mdomo kati ya majirani huvunjika kirahisi kuliko mkataba wa kampuni. Daftari la mizigo linalosainiwa na pande zote mbili kila jioni, na siku ya malipo isiyosogezwa, huondoa ugomvi mwingi. Ugomvi ukishindikana kumalizwa shambani, mfanyakazi huupeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, na ndani ya siku 60 kwa madai mengine. Huko huandikishwa kwa jina lake.