MNADA WA SIMU: TUSIIBIWE JASHO LETU



Sisi wa viwanda vya Tororo na mashamba ya miwa ya Busia tunaishi kando ya forodha. Malori tunayaona kila siku, na tunajua mali iliyokwama huuzwa mnadani. Matapeli nao wanajua kwamba tunajua. Hutuma picha za pikipiki kwa simu wakijiita maofisa wa forodha.

Basi tujue mnada wa kweli unavyokwenda. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka tangazo litolewe kwanza, na mwenye mali apewe siku 30 za kuikomboa. Ndipo iuzwe. Jambo hili haliendi mbio, wala halifanywi kwa siri. Hata mnada ukifanywa kwa intaneti, sheria ni ile ile.

Tena mnadani hakuna bei iliyokatwa. Wanunuzi hushindana, na wa juu ndiye mshindi. Ukiambiwa, "Bei ni hii, zimebaki mbili, tuma sasa," huo si mnada.

Kwa hiyo tushike mambo matatu: tuulize wenyewe katika ofisi ya KRA au URA, tuione mali kwa macho, tusitume hata senti moja kwa simu ya mtu binafsi. Na tawi letu likiuza vitu vyake kwa simu, wanunuzi nao wavione, wavikague, wapewe risiti.

Mshahara ni jasho la siku 30. Tusiutupe kwa dakika moja.