Majitu Yanayokunywa Ukungu

Kuanzia Juni hadi Septemba, pwani ya kaskazini ya California huona mvua kwa nadra. Lakini hapo hapo ndipo iliposimama miti mirefu kuliko yote duniani: redwudi, iliyopata jina hilo kwa wekundu wa mbao zake. Mmojawapo, Hyperion, uliogunduliwa mwaka 2006, una urefu wa karibu mita 116. Mti mrefu zaidi uliowahi kupimwa barani Afrika, ulio kwenye bonde la Mlima Kilimanjaro, una mita 81.5. Mti huo ukisimamishwa kando ya Hyperion, utamfika kifuani.

Sasa maji hupandaje huko juu?

Majira ya baridi mvua hunyesha ya kutosha. Kiangazi kikikaza, msaada hutoka baharini. Hewa yenye unyevu hupita juu ya maji baridi ya Pasifiki, ikapoa, ikawa ukungu na kujipenyeza mabondeni. Matawi huunasa, matone yakadondoka chini kama manyunyu. Mtafiti Todd Dawson alionyesha mwaka 1998 kwamba takriban theluthi ya maji yanayoingia katika msitu wa redwudi kwa mwaka hutokana na ukungu. Tena majani yenyewe huyanywa, bila kungoja mizizi. Na ni heri, maana kuvuta maji mita mia kwenda juu si mchezo: kileleni kuna kiu hata udongo ukiwa umelowa, ndiyo sababu majani ya huko ni madogo kuliko ya chini.

Mizizi ya jitu hili haiendi chini sana. Hakuna mzizi mkuu. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikasukana na ya majirani.

Gome nalo, ngao dhidi ya moto, hufikia unene wa sentimita 30, na kemikali ya tanini iliyomo huwachukiza wadudu. Agosti 2020 moto uliunguza hifadhi ya Big Basin, redwudi nyingi zikabaki nguzo za masizi. Baada ya miezi kadhaa, vigogo hivyo vyeusi vilivaa machipukizi ya kijani.

Dhidi ya msumeno hakuna gome linalotosha: misitu ya kale ya redwudi imebaki takriban asilimia 5 tu. Hata wapenzi wa miti wana madhara yao. Wageni waliomiminika kumtazama Hyperion walikanyaga mimea ya chini hadi udongo ukabaki mtupu. Tangu 2022, anayenaswa eneo hilo anaweza kutozwa faini ya dola 5,000 na kufungwa miezi 6.