Mtego Usiochagua

Mwaka 2005, katika shamba la mahindi lililo kando ya msitu wa Mlima Rungwe, mtego wa mkulima ulimnasa mnyama ukamwua. Mkulima yule alikuwa akilinda chakula cha nyumba yake. Lakini aliyenaswa siku ile hakuwa mwizi wa kawaida wa mahindi. Alikuwa kipunji, kima ambaye wenyeji wa milima hii walikwisha kumjua kwa jina, na ambaye wanasayansi walikuwa wamemtambua mlimani hapo miaka miwili tu kabla ya hapo.

Mzoga ule ulichunguzwa, kisha ukahifadhiwa katika makumbusho ya Field Museum mjini Chicago, Marekani. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba kipunji hawezi kuwekwa katika kundi lolote la kima lililokuwa likijulikana, wakaanzisha kwa ajili yake jenasi ya peke yake, Rungwecebus. Tangu mwaka 1923 ilikuwa haijatangazwa jenasi mpya ya kima katika Afrika. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kuwa kipunji wote duniani walikuwa 1,117, nao waliishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na wachache katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Hivyo jina la Rungwe liliingia katika vitabu vya elimu ya dunia kwa njia ya mtego wa shambani. Kwa heshima hiyo tunafurahi. Kwa namna ilivyopatikana, hatuna budi kutafakari.

Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Methali hiyo kwa kawaida hutumika katika mambo ya watu, pale asiye na hatia anapotumbukia katika balaa la wengine. Hapa Rungwe imekuwa habari ya kweli ya shambani. Swali letu leo si nani alaumiwe. Swali letu ni hili: mkulima huyu wa Isongole, wa Kiwira au wa Tukuyu, tunayemtaka aache kutega waya, tumempa mtego gani badala yake?

Ni lazima kwanza tukubali kwamba adui wa mkulima si wa kubuni. Panya wa mashambani huzaa watoto wapatao kumi kwa mkupuo mmoja, baada ya kubeba mimba kwa majuma matatu na siku chache. Mvua zikiwa nzuri na majani yakiwa mengi, jeshi lake huongezeka kabla mwenye shamba hajashtuka. Watafiti wetu wamekadiria kwamba panya huharibu takriban asilimia 15 ya mahindi ya nchi hii katika mwaka wa kawaida. Tena yuko fuko, ambaye hufanya kazi yake chini ya udongo, akila viazi na mizizi, na mkulima hutambua hasara siku ya kuchimba. Mtu aliyepanda viazi mviringo kwa mbegu ya mkopo hawezi kuambiwa avumilie.

Kwa kukosa zana, mkulima huyo hushika kilicho karibu. Huchukua waya wa breki ya baiskeli au waya uliochunwa kwenye tairi kuukuu, akafunga kitanzi, akakitega njiani. Waya huo ni rahisi kupatikana, nao hunasa. Lakini hauna macho. Humkamata nguruwe mwitu aliyekuja kufukua viazi, humkamata paa aliyekuwa akipita zake, humkamata mbwa wa jirani, na humkamata kipunji. Aliyenaswa huweza kukaa humo siku nzima akijikaza mpaka mfupa uonekane. Wengine hutumia sumu ya panya, ambayo ikitumiwa ovyo huua kuku na mbwa, na hata bundi ambaye kila usiku humla panya bila kudai mshahara.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 iliyotangulia, haikubali kuwinda wanyamapori kwa vitanzi na mashimo pasipo idhini. Msitu wa Mlima Rungwe nao ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009. Sheria hizo ni njema na tunaziunga mkono. Hata hivyo, sheria humwambia mkulima asitumie nini. Haimpi mkononi kitu cha kutumia. Pengo hilo ndilo tunaloliona, na pengo hilo hujazwa na fundi.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii. Mji wa Wednesfield nchini Uingereza ulisifika kwa muda mrefu kwa mitego ya chuma yenye mataya, iliyomshika mnyama mguu na kumwacha hai katika mateso. Mwaka 1958 matumizi ya mitego hiyo yalipigwa marufuku katika Uingereza, na biashara ile ikafifia. Lakini mafundi wa huko hawakuishia hapo. Ilitengenezwa mitego mingine yenye kuua mara moja, na yenye kiasi kinacholingana na mnyama anayekusudiwa. Mtego mdogo wa panya wa ubao na springi, uliobuniwa katika miaka ya 1890, umeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Yapo mafundisho mawili hapo. La kwanza, chapa ya mtego ikifa si lazima ifufuliwe kama ilivyokuwa. Nyingine zilistahili kufa. La pili, kazi ya kutengeneza mitego yenyewe haikufa, kwa sababu haja ya mkulima haikufa.

Sisi katika nyanda hizi si wageni wa chuma. Kabla ya ukoloni, Wakinga wa milima ya Livingstone waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe, wakayashusha kwa Wanyakyusa na kurudi na chakula. Baadaye, Mbeya ilipata kiwanda chake cha Zana za Kilimo, kilichojulikana na wote kwa jina la ZZK. Kiwanda hicho kilifua majembe yaliyolima mashamba ya mikoa hii. Kisha zikaja siku za soko huria na ubinafsishaji, majembe ya kutoka nje yakajaa madukani, na ufuaji ule ukakoma. Kila linapozuka jambo la kufufua viwanda, jina la ZZK hutajwa kwa majonzi, na watu hulitaja jembe. Sisi tunaongeza: litajwe na mtego.

Mtego tunaousema si kitu cha ajabu. Kwa panya ni ubao, springi madhubuti na kipande cha chuma kinachofyatuka kwa nguvu ya kutosha kuua papo hapo. Kwa fuko ni mtego wa kuwekwa ndani ya njia yake, chini ya ardhi, ambamo kipunji hapiti wala paa hapiti. Hapo ndipo mtego unapoanza kuchagua: huchagua kwa ukubwa wake, na huchagua kwa mahali unapowekwa. Springi ikiwa dhaifu, panya hujeruhiwa akakimbia; ubao ukiwa wa mti usiokauka, hupinda kwa mvua za Tukuyu. Kwa hiyo kazi hii inahitaji fundi hodari na kipimo kimoja, isiwe kila mtu na lake.

Mbeya ina tawi la SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Ina chuo cha VETA na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina kituo chenye wataalamu waliochunguza panya kwa miaka mingi. Wakiketi pamoja na wakulima wachache wa Rungwe, mchoro mmoja mzuri hautachelewa kupatikana. Vyama vya ushirika vinaweza kuuza mtego huo pale pale vinapouza mbolea.

Huenda msomaji akatuuliza: kama kipunji haingii katika njia ya fuko, mtego wa fuko utamwokoaje? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba mkulima mwenye waya peke yake huutumia waya kwa kila adui, mdogo kwa mkubwa. Akiwa na zana ya panya na zana ya fuko, haja ya waya hupungua. Kwa nguruwe na kima, dawa ni ulinzi wa zamu wa vijiji, na ni kupanda ukingoni mwa msitu zao lisiloliwa na wanyama hao, kama chai, ambayo Rungwe inaijua vizuri, badala ya mahindi. Hatudai kwamba mtego mmoja utamaliza kazi yote. Tunadai kwamba bila huo, mahubiri ya uhifadhi yatamfikia mkulima kama maneno ya mtu aliyeshiba.

Kipunji wa mwaka 2005 alikufa kwa mtego usiochagua, na mkulima aliyeutega hakuwa na mwingine wa kuchagua. Mambo hayo mawili ni jambo moja. Tunawaomba wenye madaraka katika mkoa na wilaya, mafundi na vyama vya ushirika, wasingoje mpaka mlima utoe mzoga wa pili wa kupelekwa makumbusho. Wamweke fundi kazini, na wamfikishie mkulima mtego wake kabla mahindi hayajaanza kubeba.