Springi ya Nyuma kwa Njia za Werugha: Uzito Kwanza, Mawe Baadaye

Kati ya mji wa Voi, ulio takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Werugha vilivyo zaidi ya mita 1,500 katika Milima ya Taita, barabara hupita Mwatate na kupanda kwa kona kali hadi Wundanyi, na kutoka hapo njia nyingi za vijijini ni za udongo na mawe, ambazo mvua za masika na za vuli huzichimba mifereji. Katika mazingira hayo baiskeli ya milimani yenye shokapu ya nyuma, yaani kifaa cha springi na mafuta kinachopokea mishtuko kabla haijamfikia mwendeshaji, ina manufaa ya wazi. Ni rahisi kudhani kwamba ubovu wa njia ndio unaoamua springi iwe ngumu au laini. Hata hivyo kinachoamua kwanza ni uzito unaobebwa, na baada yake umbo la fremu.

Msingi wa jambo hili ulielezwa mwaka 1678 na mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke, aliyeonyesha kwamba kadiri springi inavyosukumwa au kuvutwa ndivyo nguvu yake ya kupinga inavyoongezeka kwa uwiano uleule. Kwa hiyo ugumu wa springi hutajwa kwa nguvu inayohitajika kuibana kwa kipimo fulani, na katika biashara ya baiskeli kipimo hicho kwa kawaida ni pauni kwa inchi. Springi iliyoandikwa 400 x 2.5 hudai pauni 400 ili ibanwe kwa inchi moja, na huweza kubanwa kwa usalama hadi inchi mbili na nusu.

Shokapu haibanwi kwa umbali sawa na ule wa gurudumu kupanda, kwa kuwa mkono wa nyuma wa fremu hufanya kazi kama wenzo. Gurudumu likiweza kupanda milimita 150 ilhali shokapu hubanwa milimita 60 tu, uwiano wa wenzo ni 2.5, na maana yake ni kwamba kila kilo inayolielemea gurudumu huifikia springi kama kilo mbili na nusu. Ndiyo sababu watu wawili wenye uzito mmoja, wakiwa juu ya fremu mbili tofauti, waweza kuhitaji springi zisizofanana hata kidogo.

Kipimo kinachotafutwa huitwa mzamo, yaani sehemu ya mwendo wa shokapu inayotumika mwendeshaji anapokaa tu bila kutikisika, ambayo kwa baiskeli nyingi za milimani zenye springi ya chuma ni karibu asilimia 30. Mzamo huo una kazi yake, kwa sababu gurudumu linapopita juu ya shimo ni lazima liweze kushuka na kuendelea kugusa ardhi, la sivyo breki na tairi hupoteza mshiko pale hasa unapohitajika.

Tuseme mwendeshaji, pamoja na nguo, maji na mkoba wa mgongoni, ana kilo 80, na asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 48, huelemea nyuma. Kilo 48 ni sawa na nyutoni 471, ambazo zikizidishwa kwa uwiano wa 2.5 huwa karibu nyutoni 1,177 kwenye springi. Asilimia 30 ya milimita 60 ni milimita 18. Kwa hiyo nguvu hiyo ikigawanywa kwa 18 hutoa nyutoni 65 kwa milimita, yaani takriban pauni 373 kwa inchi. Mwendeshaji wa kilo 60 juu ya fremu hiyohiyo angehitaji pauni 280 hivi. Jibu linapoangukia kati ya springi mbili zinazouzwa, anayeteremka kwa kasi na kuruka huelekea ile ngumu zaidi, na anayetafuta mshiko kwenye mwinuko wenye mawe huelekea ile laini.

Hesabu hii ina uzito wa pekee kwa baiskeli za mtumba, kwa sababu springi iliyomo ilichaguliwa kwa mwili wa mtu mwingine. Ikiwa laini mno, baiskeli hukaa chini kwa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi katika mpando na pedali hugonga mawe. Ikiwa ngumu mno, mwendo mwingi wa shokapu hautumiki kabisa na mishtuko humfikia mwendeshaji mgongoni. Kola yenye hesi inayokaza springi haiponyi kasoro hiyo, kwani huongeza nguvu inayohitajika kabla springi haijaanza kubanwa, lakini ugumu wenyewe haubadiliki. Kola ikihitaji kuzungushwa zaidi ya mara mbili ili mzamo ufikie kipimo, dalili ni kwamba yahitajika springi ngumu zaidi.

Fundi anapobadilisha springi hupaswa kuhakikisha kwamba kipenyo chake cha ndani kinalingana na mwili wa shokapu, na kwamba haikazani hadi pingili zikagusana kabla shokapu haijamaliza mwendo wake. Kisha hurekebisha kasi ya mafuta ya kurudishia, kwa kuwa springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi na huweza kumrusha mwendeshaji asipotarajia.

Baada ya hesabu, rula ndiyo yenye uamuzi. Mwendeshaji huvaa na kubeba kila kitu cha safari, hukaa mahali tambarare, na mwenzake hupima urefu wa shokapu kabla na baada ya kukaliwa. Kipimo hakifanywi kwenye mteremko, kwa sababu katika mpando uzito huhamia nyuma na katika mteremko huhamia mbele, na hurudiwa kila uzito wa mtu au wa mzigo wake wa kawaida unapobadilika.