Harufu za Kiangazi na Mvua ya Kwanza: Majira, Pua na Kumbukumbu katika Usukuma

1. Utangulizi

Katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, miezi ya Septemba hadi Desemba ina harufu zake zinazotambulika: majani yaliyopukutika na kuanza kuoza chini ya miti, moshi wa kuni, matofaa yaliyowekwa ghalani, na hewa kavu ya baridi ya kwanza. Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na majira hayo katika riwaya au kitabu cha shule, mara nyingine huyaita vuli, na yale yanayofuata huyaita kipupwe. Tafsiri hiyo ni nyepesi kuandika lakini ni nzito kueleweka. Vuli ya Kiswahili ni majira ya mvua na ya kuchipua, ilhali majira ya Ulaya yanayokusudiwa ni ya kupukutika. Mwanafunzi wa Shinyanga anayesoma kwamba miti ilipoteza majani wakati wa vuli anaambiwa jambo lililo kinyume na anachokiona mwenyewe mwezi Novemba.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba Usukuma unayo majira yake ya kupukutika, ya moshi na ya baridi, ila hayapo pale ambapo kalenda ya Ulaya inayaweka. Pili, kwamba harufu za majira hayo ni hazina ya lugha na ya kumbukumbu inayostahili kuingizwa katika taaluma za Kiswahili.

2. Majira ya pwani na majira ya bara

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Pamoja na lahaja hiyo yalikuja majina ya majira yake: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani na vuli. Haya ni majina ya watu wa bahari. Kaskazi na kusi ni pepo zilizoleta na kurudisha majahazi; masika na vuli ni misimu miwili ya mvua inayotenganishwa na miezi mikavu.

Shinyanga, iliyo bara kusini mwa Ziwa Viktoria, haina mpangilio huo. Huko mwaka una nusu mbili. Mvua huanza takribani mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, aghalabu kukiwa na kipindi cha ukavu katikati, Januari au Februari. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Katika miezi ya Juni na Julai usiku huwa wa baridi, na vumbi hutulia hadi jua linapopanda. Migunga na miti mingine mingi ya asili hupukutisha majani katika kiangazi hicho. Hivyo basi, mtu akitaka kumweleza mkazi wa Shinyanga majira ya kupukutika ya Ulaya, amtajie Julai na Agosti, wala si vuli.

3. Harufu za kiangazi

Harufu ya kwanza ya kiangazi ni ya mavuno. Mpunga hukatwa katika majaruba na kupurwa, na makapi yake hutoa harufu ya vumbi tamu. Viazi vitamu huchimbwa na kuhifadhiwa kwa njia mbili: vikikatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe, vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Harufu ya matobolwa yakiwa juani inakaribia ile ya sukari iliyoungua kidogo. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa, mboga ya miezi isiyo na mboga. Kila mojawapo ya vyakula hivi ni maandalizi ya njaa inayoweza kuja, na harufu yake ni harufu ya nyumba iliyojiwekea akiba.

Harufu ya pili ni ya moshi. Baada ya pamba kuchumwa na kuuzwa, wakulima hutakiwa kung'oa masalia ya mimea yake na kuyachoma ili kukata mzunguko wa maisha ya wadudu waharibifu kabla ya msimu mpya. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi moshi wa pamba hutanda juu ya mashamba jioni, kama vile moshi wa majani makavu unavyotanda katika bustani za Ulaya. Majumbani, mahali ambapo kuni ziliadimika, mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe yamekuwa yakitumika kupikia.

Uhaba huo wa kuni una historia yake. Katika karne ya 20 misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa wingi, kwanza ili kuangamiza mbung'o na baadaye kupanua mashamba na malisho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, uliwarejesha wananchi katika desturi yao ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili mifugo iitumie wakati wa kiangazi. Ngitili zilirudisha nyasi na miti na, pamoja na hivyo, harufu: ya nyasi kavu inayokatika chini ya kwato, na ya maua ya aina kadhaa za migunga yanayochanua kabla mvua haijafika na kuwaita nyuki. Mtoto aliyekulia katika kijiji kisichokuwa na ngitili hakuijua harufu hiyo. Aliyezaliwa baadaye anaiona kuwa ni ya tangu na tangu.

4. Msamiati wa kunusa

Kiswahili kina shina moja linalobeba sehemu kubwa ya mzigo huu. Kunuka, kikisimama peke yake, ni kutoa harufu mbaya. Kunukia ni kutoa harufu nzuri. Kunusa ni kuitafuta harufu kwa pua. Kiambishi cha kutendea, ambacho kwa kawaida huonyesha tu kwamba tendo linamhusu mtu au mahali, hapa kimegeuza uvundo kuwa manukato. Kwa ufupi, sarufi yenyewe imetoa hukumu ya uzuri.

Majina ya harufu, kwa upande mwingine, yameelemea pwani. Udi, ubani na marashi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na yanakumbusha biashara ya Bahari ya Hindi. Shombo na vumba ni harufu ya samaki. Kutuzi ni ya jasho. Lakini harufu ya masalia ya pamba yanayoungua haina jina lake. Msemaji hulazimika kutaja chanzo: harufu ya kitu fulani. Si kwamba binadamu hawezi kufanya vinginevyo. Utafiti wa Asifa Majid na Niclas Burenhult uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wasemaji wa Kijahai, jamii ya wawindaji na wakusanyaji nchini Malaysia, huzitaja harufu kwa wepesi uleule wanaozitaja rangi. Ni dhahiri kwamba umaskini wa majina unatokana na lugha na mazoea, wala si pua.

5. Mvua ya kwanza

Harufu inayofunga kiangazi ni ya mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu. Mwaka 1964 wanasayansi wawili waliokuwa wakifanya kazi nchini Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina la petrikori. Walieleza kwamba wakati wa ukavu mafuta ya mimea hunyonywa na mawe na udongo, kisha hufunguliwa na unyevu. Pamoja nayo hutoka jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongo, hasa wa jenasi ya Streptomyces, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwa kamera za kasi jinsi tone la mvua linapogonga udongo linavyonasa viputo vya hewa, navyo hupanda na kupasuka vikirusha chembechembe hewani. Mvua nyepesi na ya wastani ilirusha chembe nyingi kuliko mvua kubwa. Mkulima wa Usukuma, mwenye kutofautisha luseni ya kichanga na udongo mweusi wa mbuga, huijua ishara hiyo tangu zamani: upepo ukileta harufu ya udongo uliolowa, mvua iko jirani.

Nguvu ya harufu katika kumbukumbu nayo ina sababu za kimwili. Taarifa za kuona na kusikia hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi; taarifa za kunusa hufika moja kwa moja karibu na sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Linda Buck na Richard Axel, waliogundua jamii kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Jina la mvua limekaa hata mjini. Kata ya Kambarage katika Manispaa ya Shinyanga inabeba jina la utotoni la Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922. Miongoni mwa Wazanaki, Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, naye alipewa kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha.

6. Mahali pua inaposhindwa

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, harufu hiyohiyo ya mvua ina maana nyingine. Kwa mkulima ni idhini ya kupanda. Kwa mchimbaji mdogo ni onyo kwamba kuta za duara zimeanza kulegea. Januari 2024, baada ya mvua kubwa, mgodi wa wachimbaji wadogo wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, uliporomoka na kuua watu 22.

Zaidi ya hayo, hatari nyingine za machimbo hazitoi onyo kabisa. Mvuke wa zebaki, inayochomwa ili dhahabu ibaki, hauna harufu. Hewa ya kaboni monoksidi itokayo katika injini za pampu zinazowashwa ndani ya mashimo haina harufu pia. Mchimbaji aliyelelewa kuamini pua yake, iliyomwambia lini chakula kimechacha na lini mvua inakuja, huingia mahali ambapo ukimya wa pua hauna maana ya usalama. Elimu kwa wachimbaji haina budi kulisema jambo hili kwa Kiswahili cha wazi: usipolinusa, bado linaua.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba majira hayafasiriki kwa kubadilishana majina. Mfasiri aseme majira ya kupukutika majani, na vuli aiache iwe ya mvua. Mwalimu wa Shinyanga awaulize wanafunzi harufu za Julai na za Novemba kabla ya kuwasomesha za Ulaya. Nao watunga kamusi wayapokee michembe, matobolwa, nsansa na ngitili kama maneno kamili ya Kiswahili cha bara, kwa kuwa wanaoyatumia wapo na vitu vyenyewe vipo. Neno likikosa mahali katika kitabu, harufu hubaki kwa waliokwisha kuinusa, na huondoka pamoja nao.